Podi ya idli kuganda na kunuka ubichi

Ndugu, unauliza kwa nini podi yako ya idli (unga mkavu wa kunde na pilipili, wa kulia idli, vikate vya mvuke vya India Kusini) inaganda na kunuka ubichi: hayo ni makosa mawili tofauti. Ubichi unatokana na kukaanga vyote pamoja: ufuta unaungua wakati dengu ndani bado mbichi. Chukua urad (choroko nyeusi) iliyokobolewa nusu kikombe, dengu za kupaaza nusu kikombe, pilipili kavu 10 hadi 12, ufuta vijiko 2 vikubwa. Kila kimoja peke yake, moto mdogo. Urad huchukua kama dakika 7, tafuna punje moja, ikilia "ka!" basi imeiva, ikinata kwenye jino endelea.

Kuganda ni kwa sababu umesaga vikiwa moto, mvuke ukabaki ndani. Sambaza kwenye sinia vipoe kabisa. Saga pilipili na chumvi kwanza, kisha urad na dengu, uache chengachenga kama semolina. Ufuta na mvuje (hing, kiungo chenye harufu kali) robo kijiko cha chai mwishoni, mzunguko mmoja au miwili tu, la sivyo ufuta unatoa mafuta.

Mezani, Watamil huichanganya na mafuta ya ufuta. Kandi podi, unga kama huu wa mbaazi kutoka Andhra, jimbo la India, ni ya wali wa moto na samli.