Mkuu, hiyo hela ya wakala usiitume kwanza

Umeandika mzee wako amepooza upande wa kulia, wakala ana "nesi mzoefu" wa 350,000 kwa mwezi, analala hapohapo, na kila jioni utatumiwa picha WhatsApp. Nilipofika kwenye hizo picha nikaacha kula. Hata mimi niliuziwa picha.

Mama alipata kiharusi nikiwa Dodoma kikazi, yeye yuko Dar, nikamchukulia dada wa kumuuguza kwa wakala. Kila jioni picha inaingia: mama kachanwa nywele, kapakwa poda, kanga safi imefika shingoni. Najibu "Mungu akubariki dada", naongeza elfu kumi ya soda. Wiki nne hizo nilikuwa nalipia sura. Mgongo sikuuona hata siku moja.

Na kabla hamjanirukia: nilienda, tena nikakaa naye wikiendi nzima. Tuliangalia mechi, yeye Yanga mimi Simba, nikamshika mkono. Ila mtoto wa kiume kumfunua mama yake? Niliona haya. Nikamwachia dada.

Aliyefunua ni shangazi kutoka Tanga. Hata hakuketi, akauliza, "Humu ndani kimeoza nini?" Dada akasema ni pampasi, akaenda kuongeza udi. Shangazi akavuta kanga. Chini ya kiuno, juu kidogo ya matako, palikuwa na kidonda ambacho yai lingezama. Samahani kwa mnaokula.

Daktari alinieleza kwa dakika mbili nilichotakiwa kukijua siku ya kwanza. Mtu asiyejigeuza, uzito wake unaibana ngozi kati ya mfupa na godoro, damu haipiti, nyama inakufa kimyakimya. Mkojo ukikaa kwenye pampasi ndiyo unamalizia kazi. Kwa kawaida anageuzwa kila baada ya saa mbili, usiku pia. Mama alikuwa anageuzwa akiogeshwa tu. Wakakata nyama iliyokufa, tukasafisha kidonda miezi saba. Kwa hela iliyoenda huko ningeajiri manesi wawili, mmoja wa kumgeuza mama, mwingine wa kunizaba vibao.

Sasa huyo wakala wangu! Nampigia, ananiambia, "Bosi, wagonjwa wa kupooza ndivyo walivyo." Ndivyo walivyo! Huyohuyo alinishauri ninunue ule mpira wa duara wenye tundu, mama aukalie asiumie. Daktari aliutoa siku hiyohiyo, maana duara lenyewe linabana damu pembeni. Na "nesi" wake, nilipomuuliza leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga, kumbe mwezi mmoja kabla alikuwa anauza vocha. Binti simlaumu sana. Hakuna aliyemfundisha, alikuwa anaogopa kumgeuza mama asije akamvunja. Namlaumu aliyekula mshahara wake wa mwezi wa kwanza kwa kumwita nesi.

Kwa hiyo mkuu, FUNUA. Kila ukifika, salamu zisubiri. Chini ya kiuno, nyonga, visigino, viwiko, kisogo. Ngozi zetu usizisubiri ziwe nyekundu: tafuta palipokuwa peusi kuliko pembeni, au penye rangi ya zambarau, kisha gusa kama pana joto au pamekuwa pagumu. Ukikuta hivyo asilalie tena hapo, usipasugue kwa spiriti wala mafuta, mpeleke hospitali. Wewe una afadhali, ni baba yako. Ukiona haya, mtafute shangazi kama wangu.

Na huyo "mzoefu" amgeuze mzee mbele yako kabla hamjaongea mshahara. Akimvuta kwa mkono uliopooza, mpe nauli.

Uliuliza pia mambo ya mkataba, na nini tena, likizo? Mkataba wangu ulikuwa na kurasa nne na mhuri. Neno "kugeuza" halimo. Na hizo picha za jioni mwambie atume za mgongo.