Maswali ya Wasomaji: Baridi Nzima Ndani ya Motahomu

Vyumba vya kupanga katika vituo vya skii, mchezo wa kuteleza juu ya theluji, kwenye milima ya Alps huko Ulaya ni adimu na ghali kuanzia Desemba hadi Aprili. Wasomaji wetu kadhaa wanaofanya kazi za msimu huko, jikoni, kwenye usafi wa hoteli na kwenye maduka ya kukodisha vifaa, wameamua kulala ndani ya motahomu, yaani gari lenye kitanda, jiko na bafu ndani yake. Barua zao ndizo tunazozijibu toleo hili.

Mtungi mzito, gesi haitoki

*Ndugu mhariri, salaam. Nimeegesha Les Menuires, mita 1850 juu ya usawa wa bahari. Mchana hita inawaka bila shida, lakini ikifika saa tisa usiku inazima. Nikiunyanyua mtungi, bado mzito. Fundi ameikagua hita, anasema ni nzima. Tatizo liko wapi? – Msomaji, Savoie*

Fundi kasema kweli. Dalili zako zote zinaelekea kwenye mtungi wa butani, mojawapo ya gesi mbili zinazouzwa kwa mitungi. Butani huacha kugeuka mvuke ikishuka chini ya nyuzi 0 hivi, na kabati la mitungi lina matundu chini kwa ajili ya usalama, kwa hiyo usiku mtungi wako uko kwenye baridi ileile ya nje. Gesi imo, lakini imelala kama maji. Jua likipasha ubavu wa gari asubuhi, hita inawaka tena na wewe unadhani imejitengeneza.

Dawa ni propani, ile gesi ya pili. Hiyo huendelea kutoa mvuke hadi karibu nyuzi 42 chini ya sifuri, baridi ambayo hutaikuta kwenye maegesho yoyote ya skii. Soma maandishi ya mtungi kabla ya kulipa, kwa sababu mitungi ya kilo 13 ya aina zote mbili hupangwa pamoja dukani. Wenye tangi la kujazia kwenye pampu nao waangalie: gesi ya magari ni mchanganyiko, na kiasi cha propani hutofautiana nchi na nchi, msimu na msimu. Katika mchanganyiko propani ndiyo hutangulia kutoka, butani inabaki chini, kwa hiyo tangi linakufia likiwa bado na akiba. Ongeza gesi mapema, usingoje liishe.

Kama tayari unatumia propani na bado inazima, kagua regyuleta, kile kifaa cha kupunguza presha ya gesi itokayo mtunginii. Unyevu kidogo ndani ya gesi huganda pale inapopunguziwa presha. Vipo vipashio vidogo vya volti 12 vinavyofungwa juu ya regyuleta, bei yake si ya kutisha. Usimwagie maji ya moto, yataganda palepale, na moto wa aina yoyote usiusogeze karibu na mtungi.

Kuhusu matumizi, gari la mita 6 au 7 kwenye baridi kali hula kilo 3 hadi 4 kwa siku. Mtungi wa kilo 13 utakupeleka siku tatu au nne. Kuwa na mitungi miwili na kifaa cha kubadilisha chenyewe ni lazima, maana mtungi huchagua kuisha usiku.

Boila limemwaga maji yote

*Nilirudi kutoka kazini nikakuta boila, tangi dogo la maji ya moto, tupu, tangi la maji safi tupu, na chini ya gari sahani kubwa ya barafu. Nikibonyeza kitufe cha vali kinaruka juu tena. Imeharibika? – Msomaji, Bourg-Saint-Maurice*

Haijaharibika, imekuokolea boila. Kwenye hita za Truma Combi, ambazo ndizo zimejaa kwenye motahomu za Ulaya, vali ya kuzuia barafu hufunguka yenyewe joto la mahali ilipo likishuka hadi nyuzi 3 hivi, na lita 10 za boila humwagika nje. Haikubali kufungwa mpaka vali yenyewe ifike takriban nyuzi 7. Chumba kinaweza kuwa na nyuzi 20 na vali bado iko kwenye 4, kwa sababu imefichwa chini ya kiti au ndani ya kabati lililoshikana na ukuta wa nje.

Fanya hivi. Zima pampu. Washa hita bila maji, haina neno, inaruhusiwa kupasha hewa ikiwa tupu. Fungua mfuniko wa kabati lenye vali, hewa ya moto iingie. Chupa ya maji ya moto iliyofungwa kwa taulo ukiilaza juu ya vali itaharakisha kazi. Baada ya nusu saa au zaidi zungusha kishikio, bonyeza kitufe, kibaki chini. Jaza tangi, washa pampu, fungua bomba la moto la jikoni hadi hewa iishe, kisha la bafuni.

Kuna wanaokibana kitufe kwa kibanio cha nguo kisiruke. Siku gesi itakapoisha ukiwa kazini, maji yataganda ndani, na barafu huchukua nafasi zaidi ya maji kwa karibu asilimia 9. Boila jipya ni mshahara wa wiki kadhaa.

Na lile tangi safi kwa nini liliisha? Vali ilipofunguka presha ilishuka, pampu ikadhani kuna bomba limefunguliwa, ikasukuma maji yote nje. Ukitoka au ukilala, zima pampu. Hita usiizime kabisa unapokwenda kazini, ishushe hadi nyuzi 15 na uache milango ya makabati yenye mabomba wazi.

Maji machafu ni rahisi zaidi: acha vali ya tangi wazi na ndoo chini yake, umwage ndoo kila siku kwenye sehemu ya kumwagia. Bila ndoo utajenga mnara wa barafu chini ya gari, na wenye kambi ya magari ulikoegesha hawatakuvumilia.

Godoro limelowa

*Mimi na mume wangu tunalala kwenye kitanda cha nyuma. Godoro limelowa upande wa chini na lina madoa meusi. Hakuna mahali panapovuja. Tena naomba kuuliza: tunaweza kuongeza joto kwa jiko la gesi la kupikia? – Msomaji, Annecy*

Dada, tuanze na la pili: hapana. Hita ya gari huvuta hewa ya kuunguza kutoka nje na kutoa moshi nje. Jiko la kupikia linakula hewa mnayovuta na kurudisha kaboni monoksidi humohumo ndani. Ni kifo kilekile tunachokisikia nyumbani mtu anapolala na jiko la mkaa chumbani, Njombe au Limuru. Funga king'ora cha gesi hiyo karibu na kitanda, na matundu ya hewa ya sakafuni na darini usiyazibe kwa nguo hata kama yanaleta ubaridi.

Hilo linajibu nusu ya swali la kwanza. Kila kilo ya propani inayoungua huzaa takriban kilo 1.6 za maji. Ukipikia humo, mvuke wote huo unabaki ndani, ukaongezewa pumzi za watu wawili usiku kucha na nguo zenye theluji. Mvuke huo hutafuta mahali pa baridi pa kutua, na chini ya godoro, penye ubao usiopitisha hewa na joto la miili juu yake, ndipo unapotua.

Nyanyueni godoro kwa vipande vya mbao au mkeka mzito wa nyuzi za plastiki wenye nafasi ndani, sentimita 1 au 2 zinatosha. Kila asubuhi lisimamisheni. Mito ya kuegemea isisukumwe ukutani, maana hewa ya moto imepangiwa kupita nyuma yake. Kabati lililoshindiliwa nguo hadi ukutani litaota kuvu.

Ujanja mkubwa ni bafu. Tundikeni suruali na glavu mbichi humo, fungeni mlango, acheni dirisha la dari wazi kidogo na tundu la hewa ya moto wazi kabisa. Theluji ikung'uteni nje kabla hamjapanda. Mkipika, dirisha moja liwe wazi. Gesi zaidi kidogo itakwenda, lakini hewa baridi ya mlimani ni kavu, na ikishapashwa moto hubeba unyevu mwingi ikitoka. Kioo cha mbele kivisheni pazia zito la kuzuia baridi kwa nje; la ndani peke yake hufanya maji yagande kwenye kioo nyuma yake.

Kuegesha bure msimu mzima

*Nina betri ya lithiamu ya Ah (ampea-saa) 100 na paneli ya sola ya wati 120. Je, naweza kuepuka kambi ya kulipia? – Msomaji, Grenoble*

Kwa wikiendi, ndiyo. Kwa msimu, tunakushauri usijaribu. Feni ya hita ikivuta ampea 1.5 kwa wastani ni Ah 36 kwa siku, kabla ya taa, pampu na simu. Sola ya Desemba ikiwa chini ya theluji haitoi kitu. Na betri ya lithiamu isichajiwe ikiwa chini ya nyuzi 0: madini hujipaka juu ya sahani zake na uwezo huo haurudi. Iwe ndani ya chumba chenye joto, au iwe na kipashio chake.

Sheria nayo ipo. Ufaransa, gari lisilosogea siku 7 mfululizo sehemu moja ya barabara ya umma linaweza kuvutwa, na halmashauri za vituo vya skii mara nyingi zina masharti makali zaidi. Lipa kambi yenye soketi, ila uliza ampea na kama umeme unauzwa kwa uniti. Ampea 10 kwa volti 230 ni wati 2300. Hita ya umeme ikiwa kwenye wati 1800, birika moja tu linakata umeme. Iweke kwenye 900 na gesi isaidie.

Matairi

*Tairi zangu zimeandikwa M+S, yaani matope na theluji. Zinatosha? – Msomaji, Brussels*

Kwa Ufaransa hazitoshi tena zikiwa peke yake. Tangu 1 Novemba 2024 tairi ya baridi inayotambuliwa ni yenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake. Kwenye wilaya za milimani zilizotajwa, kati ya 1 Novemba na 31 Machi, uwe na nne za namna hiyo au minyororo ya magurudumu mawili yanayoendeshwa na injini. Motahomu nyingi huvuta kwa mbele huku uzito uko nyuma, kwa hiyo sisi tungechukua vyote viwili. Jifunze kufunga minyororo mchana, kwenye lami kavu.

Theluji juu ya paa

*Niiondoe au niiache? – Msomaji, Geneva*

Paa la mita za mraba 15 lenye theluji mpya ya sentimita 30 linaweza kubeba kilo 200 hadi 400, na ikilowa ni zaidi. Iondoe kwa ufagio laini, ukiacha sentimita chache zisaidie kutunza joto. Bomba la moshi la hita na matundu ya friji yafukue kila asubuhi, na kila mara trekta la theluji linapopita. Siku ya kuondoka paa liwe safi kabisa: bamba la barafu likidondoka kwenye kioo cha aliye nyuma, kosa ni lako. Ukiegesha, weka gia na vizuizi vya magurudumu, breki ya mkono usiivute, itaganda. Dizeli jaza hukohuko mlimani. Ile ya nchi za joto hutoa nta kwenye baridi na kuziba filta.

Maharage hayaivi

*Nimeyachemsha kwa muda wa saa tatu na bado magumu. Ni maji ya huku? – Msomaji, Val Thorens*

Ni mwinuko. Kwenye mita 2300 maji huchemka kwenye nyuzi 92 hivi. Loweka usiku kucha, kisha tumia sufuria ya presha: dakika 30 hadi 40 zinatosha, na mvuke unaokutesa ukutani unapungua. Presha itoe dirisha likiwa wazi.