Jibu: Sura ya pili imerudishwa, "hii ni orodha, si mapitio"

Pole dada yangu wa Iringa, kwa msimamizi kukurudishia sura ya pili ya tasnifu yako, ile ya mapitio ya maandishi ya watafiti wengine. Mimi nilirudishiwa mara mbili, tena kwa wino mwekundu, nikakaa na chai ya tangawizi kwenye baridi ya Mbeya nikitamani kuacha masomo ya ukutubi (kazi ya maktaba) nikauze viazi.

Umesema kila aya yako inaanza na jina: "Fulani (2015) alisema", "Fulani (2018) aligundua". Ugonjwa uko hapo. Aya ianze na hoja, majina yafuate. Tuseme mada yako ni wakulima wanavyotafuta taarifa. Badala ya kumpa kila mwandishi aya yake, andika: "Watafiti wanatofautiana kuhusu anayeaminiwa zaidi, jirani au bwana shamba", kisha weka wa upande huu na wa upande ule kwenye mabano, useme kwa nini wametofautiana. Huenda mmoja alitumia dodoso, mwingine alikaa shambani na watu.

Mimi nilichora jedwali kwenye daftari la hesabu: waandishi wakienda chini, mada zikienda pembeni. Safu yenye nafasi tupu nyingi ndiyo ikawa pengo langu la utafiti.

Nadharia usiitundike kama picha ukutani. Ukichukua modeli ya Wilson ya 1981, ya jinsi watu wanavyotafuta taarifa, irudi kwenye maswali ya dodoso lako na kwenye uchambuzi.

Marejeo mwachie Zotero, programu ya kupanga marejeo, ni ya bure, ila hakiki majina, yetu huyageuzageuza. Na kwa APA (mtindo wa kuandika marejeo) toleo la 7, waandishi wakiwa watatu au zaidi, taja wa kwanza tu na "wenzake" (et al.) ndani ya matini, tangu mara ya kwanza.

Bandika aya moja hapa tuione.