8.4 baada ya chai na maandazi: ni kisukari?

Dada, pole na hofu. Unasema ulipima sukari duka la dawa hapo Moshi mjini saa nne asubuhi, mashine ikasoma 8.4 (kwa kipimo cha mmol/L), na muuzaji akakwambia "imepanda". Lakini umeandika pia kwamba muda mfupi kabla ulikunywa chai ya maziwa na maandazi mawili. Namba hiyo peke yake haitoshi kukuita mgonjwa. Ukishakula, sukari hupanda kwa kila mtu.

Halafu, ulinawa? Kidole kilichoshika andazi lenye sukari kinaweza kuipandisha namba bure. Nawa kwa sabuni, kausha, ndipo uchomwe.

Kapime tena hospitali ya Mawenzi au kituo cha afya cha karibu, asubuhi, ukiwa hujala kwa saa 8. Maji ruksa, chai hapana, hata ya rangi. Chini ya 6.1 ni sawa. Kati ya 6.1 na 6.9 haijawa kisukari, ila ni onyo. Ikifika 7.0 na huna dalili, hurudiwa siku nyingine kabla ya kuthibitisha. Kwa kuwa mama yako ana kisukari, uliza pia kipimo cha HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwenye damu kwa miezi 2 hadi 3. Kwa kipimo hicho, kisukari huanzia asilimia 6.5.

Vidonge vya mama usiviguse, tafadhali. Ila ukiona kiu isiyokatika, kukojoa kila mara na kukonda, usisubiri asubuhi: nenda leo leo.