Uliza Ujibiwe: Medali za babu, na kwa nini hakupata VC

SWALI: Shikamoo mwalimu. Babu yetu alikuwa Keya (askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), alipigana Burma kule Asia kwenye vita ya pili ya dunia, ameshafariki zamani na katuachia medali nne kwenye kopo la biskuti. Nataka nizivae tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, ila mjomba anasema hilo ni kosa na nitakamatwa. Alafu wazee wanasimulia babu alimbeba mwenzie huku risasi zinapigwa, sasa kwa nini hakupewa VC (Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa ya Waingereza), na tunaweza kumuombea saa hizi? (Mjukuu, Morogoro)

JIBU: Marahaba mjukuu wa Keya. Mjomba wako kachanganya mambo mawili. Sare ya jeshi ndo raia haruhusiwi kuvaa, hata kofia usijaribu, hapo kweli utakamatwa. Lakini medali za marehemu babu yako ukiziweka kwenye koti lako la kawaida ni kitu kingine kabisa. Waingereza waliozitoa wana desturi yao: kifua cha kushoto ni cha aliyepigana mwenyewe, cha kulia ni cha ndugu anayemkumbuka. Kwahiyo weka kulia, na mwanajeshi yeyote anayejua mambo haya akikuona tu anaelewa kwamba hudai umepigana, unamheshimu mzee wako.

Mpangilio nao una sheria zake. Kama zako ni zile ambazo askari wengi wa Burma walirudi nazo, basi anayekutazama aanze kusoma kushotoni kwake: Nyota ya 1939-45, utepe wake una bluu nzito, nyekundu na bluu ya mbingu, alafu Nyota ya Burma yenye wekundu katikati na michirizi ya chungwa kwenye bluu, alafu Medali ya Ulinzi, mwisho Medali ya Vita. Hiyo ya mwisho utaijua kirahisi, upande mmoja ana kichwa cha mfalme, geuza utaona simba kasimama juu ya joka lenye vichwa viwili.

Sasa geuza nyota mbili utafute jina la babu. Usipolikuta usishtuke wala usiseme tumeibiwa, manake nyota za vita ya pili Uingereza ilizitoa tupu bila jina, tofauti na zile za vita ya kwanza zilizochongwa namba na jina kwa nyuma. Ndo maana zinauzwa hovyo kwenye maduka ya vitu vya kale na hakuna wa kukuambia hii ilikuwa ya nani. Kwa hiyo kama babu aliacha cheti cha kuachishwa jeshi au kile kitabu cha mshahara, hicho kina thamani kuliko kopo zima, kipige picha leo leo. Na medali usizisugue kwa dawa ya kung'arishia vyuma, zinalika.

Tuje kwenye VC, na hapa naomba univumilie kidogo maana swali lako limegusa kidonda. Msalaba wa Victoria ulianzishwa 1856, na haupewi kwa sababu kijiji kizima kinajua ulikuwa jasiri. Lazima kitendo kiwe na mashahidi, ofisa aandike mapendekezo, karatasi ipande ngazi kwa ngazi mpaka kwa mfalme. Asipoandika ofisa hamna kitu. Tena kwenu hapohapo kuna mfano, pale Mlali: tarehe 24 Agosti 1916 kapteni mmoja wa jeshi la Afrika Kusini, William Bloomfield, alirudi nyuma mita kama 360 kwenye uwanja mweupe akipigwa risasi, akambeba koplo wake aliyejeruhiwa akamleta. Akapewa VC. Sikiliza tena hadithi ya babu yako alafu niambie tofauti iko wapi, mi naona iko kwenye nani alikuwa na kalamu. Kwenye vita ya pili VC ya Keya ilikuwa moja tu, ya Sajini Nigel Leakey, Mzungu wa Kenya, aliyekufa Colito huko Ethiopia Mei 1941 akipambana na vifaru.

Kuna sheria nyingine ambayo watu wengi hawaijui na ndo inayoniuma zaidi. Mpaka 1979, askari wa Uingereza akifa kwenye kitendo cha ushujaa alikuwa anaweza kupata VC au kutajwa kwenye ripoti ya vita, basi. Zile za katikati, kama Military Medal, zilikuwa za walio hai. Chukua mapigano ya Tug Argan, Somalia ya Waingereza, Agosti 1940. Kapteni Eric Wilson alikaa na bunduki za rashasha siku kadhaa huku ana malaria, kajeruhiwa bega na jicho la kushoto, miwani imevunjika. Ubavuni kwake akauawa Msomali Omar Kujoog. Jeshi likadhani Wilson naye kafa, Oktoba likamtangazia VC ya marehemu, kumbe yuko hai, mateka wa Waitaliano Eritrea! Huyo baadae akaenda Burma na Keya kama babu yako, alafu akafanya kazi serikalini Tanganyika mpaka 1961, na alifariki 2008 akiwa na miaka 96. Simnyang'anyi sifa yake, aliistahili. Ila Omar, kwa kuwa alikufa, kitabu cha sheria kilimwachia mlango wa juu kabisa au kutajwa kwa mstari mmoja.

Kuomba saa hizi? Uingereza hawapokei mapendekezo ya tukio lililopita zaidi ya miaka mitano, kwahiyo huo mlango umefungwa. Australia walipita njia nyingine, wana VC yao wenyewe tangu 1991 na mwaka 2020 wakampa baharia Teddy Sheean aliyekufa 1942 akiwa na miaka 18, lakini familia ilihangaika miaka mingi sana. Kitu mnachoweza kuomba ni medali za vita ambazo babu alistahili ila hakuzichukua. Ofisi ya nishani ya wizara ya ulinzi ya Uingereza inapokea maombi ya ndugu wa karibu, mkiwa na namba yake ya jeshi itasaidia sana. Na hiyo hadithi ya kumbeba mwenzie, mrekodini mzee anayeijua kwenye simu kabla nae hajaondoka.

SWALI: Mwalimu habari, eti mtu anaweza kupata VC mbili? Na akija kufanya jinai ananyang'anywa? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Nzuri. Wamezipata mara mbili watu watatu tu: madaktari wawili, Arthur Martin-Leake na Noel Chavasse, na Charles Upham wa New Zealand, wa Krete 1941 na Misri 1942. Lakini hupewi msalaba wa pili, unaongezewa kipande cha chuma kwenye utepe. Inasemekana mfalme alisita akamuuliza jenerali wake kama kweli Upham anastahili tena, akajibiwa ameistahili mara kadhaa.

Kunyang'anywa kulikuwepo. Kati ya 1861 na 1908 walifutwa wanane, mmoja kwa wizi wa chakula cha farasi, mwingine kwa kuoa mke wa pili wakati wa kwanza yupo (huko Pwani tungebaki na mashujaa wangapi sijui). Mfalme George wa Tano ndo akakataa hiyo tabia, 1920 akaandikisha kwamba mwenye VC hata akihukumiwa kunyongwa kwa mauaji aachwe aivae mpaka kwenye kitanzi.

SWALI: Na Idi Amin je? Kwenye picha kifua kimejaa, na alijiita VC. (Msomaji, Kampala)

JIBU: Ile herufi ni ileile lakini kitu sio kile. Ya kwake ilikuwa ya Uganda, aliitengeneza na kujipa mwenyewe akaiita Victorious Cross, na CBE, ambayo ni nishani ya Waingereza, akaigeuza maana iwe mshindi wa dola ya Uingereza. Keya alikuwa kweli, hilo hatumnyimi. Hadithi za kwamba alipigana Burma ndo uongo, aliandikishwa 1946 na Wajapani walishasalimu amri mwaka mmoja nyuma.