Kocha anawazungusha au anawachezesha kwa zamu?

Swali: Nikitazama mpira wa Kimarekani huwa narekodi maelezo kwa Kiswahili na kuwatumia jamaa zangu Tanga. Majuzi nilisema, "Kocha anazungusha walinzi wake wa mbele ili wasichoke." Mjomba akacheka: "Wamemkosea nini hata awazungushe?" Nimekosea wapi? (Msomaji, Minneapolis)

Jibu: Mjomba ana haki ya kucheka. Unazungusha gurudumu, unazungusha kombeo. Ukimzungusha mtu, mambo yanageuka: fundi cherehani aliyekwambia "njoo kesho" mara nne, huyo amekuzungusha. Kwa hiyo Tanga walisikia kocha anawapiga danadana vijana wake.

"Kubadilisha" ungeeleweka, ila nusu. Katika soka aliyebadilishwa kwa kawaida ndiyo basi, anavaa koti na kukaa benchi. Mjomba angeuliza nani kaumia. Huko kwenu wanacheza 11 kila upande lakini kutoka na kuingia hakuna kikomo, na hawa wa mbele ni majitu, wengine kilo 140 na ushee, ambayo kila mpira unapoanzishwa hukumbana na majitu mengine. Pumzi haiwezi kudumu. Anatoka, anakunywa maji, anarudi.

Neno la kazi hiyo ni kupokezana. Mzizi ni pokea. Pokeza ni kumkabidhi mwingine apokee. Pokezana ni kukabidhiana. Ndiyo tunayoisikia katika mbio za kupokezana vijiti, na ndiyo wafanyayo watu kwenye kinu: mkono ukichoka, mchi anaushika mwenzako, nawe baadaye unaurudia. Kazi haisimami, anayebadilika ni mwenye mchi. Angalia tu usiitamke "kupokeana", ambayo ni ya watu wanaolakiana stendi.

Lakini kuna mtego. Kupokezana ni kwa wenyewe kwa wenyewe, na kocha aliye pembeni hapokezani na mtu. "Kocha anapokezana walinzi" ni sentensi mbovu kuliko ile yako ya kwanza. Yeye mpe kuwachezesha kwa zamu. Wachezaji ndio wapokezane. Yupo atakayekuletea "kuwapokezanisha". Sarufi inairuhusu, ulimi wangu unaikataa.

Tuijaribu kwenye mechi halisi, iliyochezwa hapo hapo mjini kwako: fainali ya Februari 2018, Philadelphia Eagles dhidi ya New England Patriots. "Eagles msimu mzima waliwachezesha kwa zamu watu wao wa mbele. Zikiwa zimebaki dakika mbili na ushee, Brandon Graham akamfikia Tom Brady, mrushaji mpira wa Patriots, na kuupangua mpira mkononi mwake. Derek Barnett, mmoja wa waliokuwa wakipokezana, akauwahi." Eagles wakashinda 41 kwa 33. Hapo hakuna aliyezungushwa, labda Brady.

Umeniuliza kitenzi tu, lakini hata "walinzi wa mbele" wako wananitia wasiwasi. Kwa msikilizaji wa soka, safu ya ulinzi iko nyuma, karibu na kipa. Huko wa kwanza kugongana na adui ndio hao wa ulinzi, na nyuma yao wapo walinzi wengine. Tena miongoni mwa wanaomkinga mrushaji wa upande wa pili kuna nafasi ambayo jina lake la Kiingereza, ukilitafsiri, ni mlinzi vilevile! Ningesema "safu ya mbele ya ulinzi" mara moja, kisha "watu wa mbele" mpaka mwisho wa mechi. Mjomba atakuwa ameshaelewa.

Kupishana nako kuna mahali pake. Kunafaa kile kitambo kifupi ambapo mmoja anakimbilia benchi na mwenzake anaingia, wanapitana njiani. Usikutumie kwa mpango mzima, kwa sababu "tulipishana" huweza kumaanisha kwamba hamkuonana kabisa.

Na pale timu yenye mpira inapoanzisha haraka haraka bila kubadili watu wake, majitu yale yakabaki uwanjani yanahema, mikono kiunoni, hayana upenyo wa kutoka, usihangaike kutafuta istilahi. Mwambie mjomba: "Leo hawajapata wa kuwapokea."