Barua kwa Mwanangu: Sekunde 11 za Kimya

Mwanangu mpenzi,

Barua yako nimeisoma mara tatu, mara ya mwisho jana usiku baada ya mazoezi, waigizaji wameshaondoka na mimi nimebaki na taa moja ya meza. Umeandika kurasa nne, lakini swali lako ni moja: umeshapata shahada ya kwanza, umeigiza miaka mitatu, je, sasa uende ukasome uzamili wa sanaa za maonyesho au ubaki jukwaani? Na chini kabisa umegusia kwamba mwenzako amekucheka, akasema jukwaa halisomewi mara mbili.

Nianze na hilo la mwenzako, maana naona limekuchoma. Ubishi huo haukuanza naye. George Pierce Baker alifundisha uandishi wa tamthilia Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20, na Eugene O'Neill, aliyekuja kuwa mwandishi mashuhuri wa tamthilia, alikaa darasani kwake mwaka 1914 na 1915. Lakini chuo hakikukubali kutoa shahada kwa kazi hiyo, na mwaka 1925 Baker akahamia chuo kingine, Yale, kwenda kujenga idara ya drama. Uingereza nako, idara ya kwanza ya drama katika chuo kikuu ilianzishwa Bristol mwaka 1947. Kabla ya hapo wasomi walisoma tamthilia kama walivyosoma ushairi, kitabu mkononi, na suala la mwigizaji asimame wapi na taa iwake lini likaachiwa mafundi. Wasomi walisema jukwaa halina elimu, na leo mwenzako anasema elimu haina jukwaa. Wote wamelikata jambo moja vipande viwili. Usimjibu. Kama ataona faida, ataiona kwenye kazi yako.

Sasa tuje kwako. Neno uzamili linabeba vitu viwili vilivyo mbalimbali sana, na watu wengi hujuta kwa kutolijua hilo mapema. Kuna uzamili wa kutenda, ambao Marekani mara nyingi huchukua miaka mitatu: unaongoza, unaigiza au unabuni maleba na mandhari, na kazi ya mwisho ni onyesho. Kuna na uzamili wa kitaaluma, ambao Uingereza kwa kawaida ni mwaka mmoja: unasoma nadharia na historia, unaandika insha, unamaliza kwa tasnifu. Katikati yake ziko kozi za kila namna. Usidanganywe na jina la kozi, mwanangu. Omba ratiba ya wiki moja ya kawaida, uhesabu ni saa ngapi utakuwa umesimama kwenye chumba cha mazoezi na saa ngapi utakuwa umeketi maktaba. Hapo utajua unanunua nini.

Lakini hata ratiba ikikupendeza, bado nina neno. Ukitaka kwenda shule ili uwe mwigizaji bora, baki kazini, utafute mwongozaji mkali, ucheze nafasi ndogo ndogo kwa bidii. Uzamili unamfaa mtu ambaye jukwaa limempa swali, na swali limekataa kumtoka.

Langu nilipewa na penseli. Nilikuwa msimamizi wa jukwaa katika mchezo ambamo mama mmoja anaweka kiatu cha mwanawe mezani na kunyamaza kabla ya kusema mstari wake. Kwenye mswada mwongozaji aliandika "kimya kifupi". Mimi kazi yangu ilikuwa kumpa ishara fundi taa mstari ule ukianza, kwa hiyo kila usiku nilihesabu sekunde na kuziandika pembeni mwa ukurasa. Usiku wa kwanza 4. Wa pili 4. Wa tano 7. Usiku wa tisa nikaandika 11, na ndani ya sekunde hizo 11 hakuna aliyekohoa, kiti hakikulia. Baadaye nilimwuliza yule mwigizaji kwa nini alikivuta kimya kile hivyo. Akaniambia hakukivuta, walimzuia wale waliokaa mbele yake. Nilikwenda nyumbani na jibu hilo nikashindwa kulala. Kimya cha jukwaani ni cha nani? Nani anakiongoza, na kinajulikana vipi kwamba sasa kimetosha? Miaka sita nilizunguka na swali hilo kabla sijaomba nafasi ya uzamili, na mswada ule wenye namba za penseli ndio uliokuwa kiambatisho cha kwanza cha tasnifu yangu.

Umeniuliza pia mchezo unawezaje kuwa utafiti. Hapo ndipo penye utamu wote wa fani hii, na ndipo wengi huanguka. Onyesho lenyewe linaweza kuwa sehemu ya tasnifu, hata kwenye uzamivu, yaani shahada ya udaktari, na hapo maandishi yanayoambatana nalo huwa mafupi kuliko tasnifu ya maneno matupu. Ila onyesho huisha pazia likifungwa. Watahini watakuuliza umegundua nini, kwa njia gani, na mtu mwingine ataupataje ugunduzi huo kesho wakati jukwaa limeshavunjwa. Ruth Berlau aliyafanyia kazi hayo zamani: alipiga picha maonyesho ya Bertolt Brecht, mwandishi na mwongozaji wa tamthilia wa Kijerumani, hatua kwa hatua, ikawa kuna vitabu vizima vinavyoonyesha nani alisimama wapi katika tukio lipi. Kwa hiyo anza kuweka kumbukumbu siku ya kwanza ya mazoezi. Andika ulichojaribu kikashindikana, maana mara nyingi jibu limelala humo. Video ya usiku wa mwisho peke yake haikuokoi, kwa sababu inaonyesha mlipofika tu, njia haionekani.

Mimi mtahini mmoja aliniuliza hivi: "Kama onyesho lako lisingefanyika, tungekosa kujua nini?" Nilikaa kimya. Sikuhesabu sekunde, lakini zilikuwa nyingi. Kisha nikamwonyesha ukurasa wa zile namba, nikamweleza kwamba hakuna kitabu kingeniambia kwamba kimya kilirefuka pale tulipowasogeza watazamaji karibu, na kikafupika tulipowarudisha nyuma. Ilibidi tuwasogeze. Nakuomba ulitafute jibu lako la swali hilo kabla hata hujajaza fomu.

Mambo mengine nitayapitia haraka. Waigizaji wako watakuwa wahusika wa utafiti, kwa hiyo utahitaji kibali cha maadili na ridhaa yao ya maandishi kabla ya mazoezi, hasa kama utawarekodi. Kibali huchukua muda, na wapo wanaopanga onyesho kwanza ndipo wakumbuke. Ada usiikopee kabla hujauliza kuhusu ufadhili na nafasi za kusaidia kufundisha.

Msimamizi wa utafiti sitampitia haraka. Wa kwanza niliyepewa alikuwa na jina kubwa na alikaa na sura yangu ya kwanza miezi mitano. Aliporudisha, alikuwa amesahihisha vituo na mikato tu. Niliumia, nikadhani kosa ni langu. Nilipobadilishiwa nikapata mtu asiye na sifa nyingi, lakini alikuja kukaa kwenye chumba cha mazoezi, akavua viatu, akatazama saa mbili nzima bila kusema neno. Ukimpata wa namna hiyo, mshike. Kabla ya kuchagua chuo, waandikie wanafunzi wawili watatu wanaosimamiwa na mtu unayemtaka, uwaulize anarudisha kazi baada ya muda gani na kama huwa anakuja kutazama.

Na ile hofu yako kwamba ukishaingia darasani utaacha kuwa msanii, mtazame Ebrahim Hussein, mwandishi wa tamthilia wa Tanzania. Tamthilia yake Kinjeketile ilichapishwa mwaka 1969, na tasnifu yake ya uzamivu kuhusu maendeleo ya theatre Afrika Mashariki aliiandika Chuo Kikuu cha Humboldt, Berlin, mwaka 1975. Alikwenda kule akiwa na tamthilia mkononi, na maswali aliyoyatafuta yalikuwa ya jukwaa aliloliandikia mwenyewe.

Katika kurasa zako nne kuna sentensi moja uliyoiandika ukaikata kwa mstari, lakini bado inasomeka. Umesema unapocheza mbele ya watoto unajikuta unaongea na mmoja tu, na hujui unamchaguaje. Kwa nini umeikata? Iandike tena, ukurasa mzima, bila nadharia na bila majina ya wasomi. Eleza ulikuwa wapi jukwaani, ukaona nini, mwili wako ukafanya nini. Nitumie hiyo kabla hujanitumia fomu yoyote ya chuo. Nitaisoma na penseli.

Mama yako akupendaye.